Ugonjwa wa Mishipa ya Fahamu na Unyumba

Somo la leo ni la watu wazima. Lisome pamoja na mwenzako. Kama hajui kusoma, msomee.

Upo ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi. Hauambukizi, wala si wa kurogwa. Daktari wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza mwaka 1868. Mara nyingi huanza mtu akiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, na wanawake wanaoupata ni wengi kuliko wanaume.

Mwilini mna askari wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea adui, wakashambulia ngozi inayofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Umepata kuona waya wa redio uliochubuka? Habari hufika imechelewa, au haifiki kabisa. Mgonjwa huona ukungu, hufa ganzi, na huchoka hata kama hakushika jembe.

Sasa, mishipa ya sehemu za siri nayo hupitia uti wa mgongo. Ikichubuka, bwana hukosa nguvu. Bibi hukauka, au hasikii mguso, au huumia. Bwana anasema moyoni, "Mama watoto kapata mwingine." Bibi naye anaona haya, anageukia ukutani. Miezi inapita hivyo, mpaka wazee wanaitwa kuamua ugomvi. Kumbe hakuna aliyekosa. Ni waya.

Basi semeni, tena mapema. Wengi wenye ugonjwa huu huwa na nguvu zaidi asubuhi. Nani kasema lazima iwe usiku? Joto kali huzidisha dalili kwa muda, kwa hiyo kuoga maji ya baridi kidogo husaidia. Anayeponyokwa na mkojo aende haja kwanza. Kwa ukavu, kipo kilainishi cha maji katika maduka ya dawa. Msitumie mafuta pamoja na kondomu, maana huharibu mpira wake.

Kwa bwana vidonge vipo, ila asinunue kwa kuambiwa na rafiki kilabuni. Akivichanganya na dawa za moyo za jamii ya naitreti, anaweza kufa. Amwone daktari, na asione haya: daktari kazoea mambo hayo.

Je, kuzaa? Bibi mwenye ugonjwa huu anaweza kushika mimba na kujifungua salama. Lakini dawa nyingine za ugonjwa huu hudhuru mtoto tumboni, kwa hiyo amweleze daktari kabla ya kushika mimba. Wakati wa mimba ugonjwa hutulia kwa wengi. Miezi ya kwanza baada ya kujifungua unaweza kurudi kwa nguvu, na hapo kuni na maji ni kazi ya bwana.

Maswali ya kuzungumza
1. Kwa nini bwana alimshuku mkewe?
2. Hapa kijijini, bibi mwenye shida ya unyumba humweleza nani? Na bwana je?