Mali ya Umma na Wajibu wa Raia

Amma baadu. Katika darsa yetu iliyopita ndugu mmoja mwenye duka la nguo aliuliza suala ambalo wengi wanalo nyoyoni ila hawalitamki. Alisema: "Sheikh, serikali yatutoza kila siku, na mali yenyewe yaliwa. Je, nina dhambi gani nikificha sehemu ya mauzo yangu isitozwe kodi?" Tulimwahidi kumjibu kwa maandishi, ili jawabu liwafae na wengine.

Kwanza yatupasa tujue mali ya umma ni ya nani. Watu wengi hudhani kuwa mlipa kodi ni tajiri, au mwenye mshahara. Sivyo. Mjane anaponunua kipande cha sabuni, ndani ya bei ile mna ushuru uitwao VAT, nao ni asilimia 16. Kijana anapotia salio katika simu yake hukatwa ushuru mwingine wa asilimia 15. Basi hazina ya serikali imejazwa kwa mkono wa mjane kama ilivyojazwa kwa mkono wa tajiri, na kila mmoja wao ana haki ya kuuliza imetumikaje.

Sasa tumrudie ndugu yetu. Ikiwa duka lake limesajiliwa kutoza VAT, basi ushuru ule mteja amekwisha kuulipa mkononi mwake. Si mali yake tena. Ni amana aliyopewa aifikishe, na kuizuia ni khiyana. Wala asidhani kwamba kwa kuficha anamkomoa mwizi. Mwizi hula kilichoko, kiwe kingi au kichache. Anayekomolewa ni yule mjane, kwani pengo halina budi kuzibwa, na huzibwa kwa kupandisha kile ambacho hakuna awezaye kukificha, nacho ni bei ya sabuni.

Hili ndilo jawabu la nusu ya kwanza. Lakini lau tungelikoma hapa tungelikuwa tumemdhulumu muulizaji, kwani malalamiko yake yana haki. Iko nusu ya pili, nayo ni namna mali hiyo itumikavyo.

Tutazame kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Alipomtaka mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, alijisifu kwa sifa 2: kwamba ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye kujua. Sisi katika baraza zetu twaitaja ya kwanza tu. Twauliza: "Fulani ni mwaminifu au ni mwizi?" Ya pili hatuiulizi, ilhali mtu aweza kuwa mwaminifu asiguse hata senti, na mali ikapotea mikononi mwake kwa kutojua lipi litangulie na lipi lifuate.

Nina kisa changu mwenyewe. Katika mtaa wetu pana zahanati. Mwaka mmoja ilijengewa ukuta mzuri, ikatiwa na lango la chuma. Tulikwenda kwenye ufunguzi, na mimi ndiye niliyeomba dua. Haikupita miezi mingi, bibi mmoja wa mtaani akashikwa na uchungu usiku. Alipopelekwa pale, lango lilikuwa limefungwa, kwani hapakuwa na muuguzi wa usiku. Alijifungua garini, na mtoto akasalimika kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Mtaa mzima ukasema: "Fedha zimeibwa!" Nami nilisema hivyo hivyo.

Kwa hasira nikaenda kukitafuta kitabu cha makadirio ya mwaka ule. Nikaukuta ukuta umeandikwa, na lango limeandikwa, na gharama ni ile ile iliyotumika. Mshahara wa muuguzi wa usiku haukuandikwa kabisa. Nikauliza kama raia walishauriwa. Nikaonyeshwa karatasi ya waliohudhuria kikao: walikuwa watu 9. Jina langu halikuwamo, ijapokuwa tangazo la kikao kile lilibandikwa mlangoni mwa msikiti ninaosalisha. Basi haikuibwa hata shilingi moja. Ukuta ulitangulia mbele ya muuguzi, nasi tuliokuwa na haki ya kusema tulinyamaza, kisha tukaja kupiga makofi. Dua ile ya langoni naikumbuka kwa haya.

Ndugu msomaji, ajuaye khabari hii hujifunza jambo moja kubwa. Matumizi ya serikali ni ya namna 2. Kuna ya maendeleo, kama majengo na barabara, na kuna ya kawaida, kama mishahara, dawa na mafuta ya gari la wagonjwa. Jengo hupigwa picha, dawa haipigwi. Kwa hivyo kila uonapo jengo jipya limeandikwa, uliza papo hapo: "Na wa kulifanyia kazi ameandikwa wapi?"

Ama deni, hukumu ya riba yajulikana, wala hatuirudii hapa. Tutazame hesabu yake tu. Yusuf aliweka akiba katika miaka 7 ya neema ili watu wapate kula katika miaka 7 ya ukame. Sisi twakopa katika neema na twakopa katika ukame. Deni la nchi yetu limekwisha kupita shilingi trilioni 10. Ligawanye kwa watu milioni 50, kila mmoja, hata mtoto aliyezaliwa garini, atapata mzigo wa shilingi 200,000. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, iligharimu kiasi cha shilingi bilioni 327, na sehemu kubwa yake ni mkopo wa benki ya serikali ya Uchina. Sehemu ya mikataba ya mkopo ule ilitolewa hadharani Novemba 2022, reli ikiwa imekwisha kutumika miaka 5. Kama reli ile ni kheri au hasara, watu wamekhitalifiana. Lakini haifai mtu aonyeshwe hati ya deni lake baada ya kuanza kulilipa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Huenda mtu akasema: "Raia tulikwisha kusema mwaka 2024." Ni kweli. Mwezi wa Juni mwaka ule vijana waliupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, na roho za watu zikapotea. Siku ya pili yake Rais akatangaza kuwa hatautia saini. Lakini Mswada wa Fedha wahusu kukusanya. Kutumia kumo katika kitabu kingine, ambacho hupelekwa Bungeni kabla ya 30 Aprili. Ikifika Juni, chungu kimekwisha kutelekwa. Anayesubiri Juni ili aseme, amesubiri mpaka kusema kumekuwa ghali.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, yataka mali ya umma iendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha raia, na mizigo na manufaa yake yagawanywe kwa uadilifu baina ya kizazi hiki na kijacho. Kaunti zetu 47 hugawiwa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mali hiyo iko karibu nasi, na njia ya kuifuata ni hii:

1. Ifikapo 1 Septemba, kaunti huwa imetoa mpango wake wa maendeleo. Hapo ndipo pa kusema kiandikwe nini.

2. Ifikapo 28 Februari hutolewa mkakati wa fedha, uonyeshao kila idara itapata kiasi gani.

3. Ifikapo 30 Aprili makadirio hufika katika Bunge la Kaunti. Nenda ukayasome kabla ya 1 Julai, siku unapoanza mwaka wa fedha.

4. Mwaka ukisha, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi 6 ya kukagua na kutoa taarifa. Isomwe, ilinganishwe na yaliyoahidiwa.

Sisi wa darsa hii tumekubaliana kuwa watu 3 watahudhuria kila kikao na kutuletea khabari baada ya sala ya Ijumaa. Ndugu yetu mwenye duka, tunakuomba uwe mmoja wao. Wewe wajua kusoma daftari kuliko sisi. Lipa unachodaiwa, kisha njoo udai hesabu. Na mwenye kulipa kwa ukamilifu hudai pasina haya.

Wabillahi taufiki.