Shimo la Nyuma ya Kiwanja

*Nimenunua kiwanja kwenye mawe huku Jambiani. Nyuma kuna bonde dogo la mviringo, mtini umeota katikati. Jirani anasema ni machimbo ya zamani ya chokaa. Fundi anataka nilijaze kifusi, choo kikae hapo. Nimsikilize nani?*
Mwenye kiwanja, Kusini Unguja

Ndugu yangu, kifusi kisubiri. Jirani yako anaweza kuwa sahihi, na ni rahisi kulihakikisha hilo. Palipochimbwa na watu huacha ushahidi: kuta zilizokatwa wima, alama za mtaimbo, chungu ya vipande vya mawe ukingoni, pengine majivu ya tanuu. Shimo la asili halina chungu, kwa sababu jiwe lake liliyeyuka. Mvua huchukua hewa ya kaboni angani, na nyingi zaidi kwenye udongo, ikawa asidi hafifu. Asidi hiyo hula mawe ya matumbawe taratibu ikifuata nyufa, hadi chini pawe na uwazi. Paa la uwazi huo likishindwa kujibeba, huporomoka. Kwa hiyo kagua kuta zake: jiwe lililoliwa na maji lina vijifereji na ncha kali. Zunguka pia kiwanja kizima. Mabonde kadhaa yakijipanga mstari mmoja, yamefuata ufa.

Kisha ngoja mvua ya masika. Kwenye mawe hayo hata machimbo hukauka upesi, basi usitazame upesi tu, tazama maji yanapotelea wapi. Yakikimbilia sehemu moja na kuzama, pana tundu. Mto Mwera wa Unguja nao huzama maweni kabla ya kuifikia bahari.

Hapo ndipo ninapokusihi kuhusu choo. Mchanga huchuja maji machafu; ufa wa jiwe hauchuji chochote. Utakachomwaga humo kinaweza kutokea kwenye kisima cha jirani kabla vijidudu havijafa. Pango la Kuza, hapo hapo kijijini kwenu, lina maji ndani: chini yenu kote kuna maji, na watu wanayanywa.

Usishuke peke yako, kingo hubomoka. Waulize wazee pia, maana mapango mengi ya Kusini ni mizimu. Ukiona nyufa mpya za mviringo ardhini au mti umeanza kuinama, watoto wasikaribie. Na msingi wa nyumba usichimbwe kabla mhandisi hajatoboa ardhi sehemu kadhaa kujua kama chini ni jiwe tupu au pana uwazi. Choo kiwe mbali na bonde, chenye tangi lililozibwa vizuri, la kunyonywa kwa gari.