Daftari la Uandikishaji Shuleni na Historia ya Familia za Wilaya ya Tanganyika

Kila shule ya msingi hutunza daftari la uandikishaji. Mwanafunzi huandikwa humo mara moja tu, siku anapopokelewa: namba yake, jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi na mahali anapoishi. Lisichanganywe na rejista ya mahudhurio inayoitwa kila asubuhi. Katika wilaya yetu daftari hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa familia nyingi zilifika hapa kutoka mbali, na mara nyingi shule ndiyo iliyotangulia kuandika majina ya watoto wao.

Mfano wa kale ni Karema. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji iliyokuwa kando ya Ziwa Tanganyika. Watoto waliokombolewa kutoka utumwani walilelewa na kufundishwa hapo misheni, wakaoana, wakaanzisha kaya zisizokuwa na wazee wa ukoo wa kuwasimulia walikotoka. Adrian Atiman, katekista na tabibu aliyehudumu Karema hadi alipofariki mwaka 1956, naye alikuwa ametekwa utotoni huko Afrika Magharibi.

Katika miaka ya 1960 Mwese ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda. Kisha, mwaka 1978, yakafunguliwa makazi ya Mishamo kwa ajili ya familia kutoka Burundi, yakiwa na vijiji 16. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Elimu Na. 25, iliyofanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Watoto wa Mishamo walisoma kwa Kiswahili, kwa mtaala uleule wa Tanzania.

Hapa kuna jambo ambalo wageni wa wilaya hawalielewi upesi. Kwa desturi ya Warundi na Wanyarwanda, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Si lazima abebe jina la baba. Ndugu watano wa tumbo moja waweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata kidogo. Mstari wa daftari unaoweka jina la mtoto kando ya jina la mzazi wake huenda ukawa ushahidi pekee wa maandishi kwamba hao ni damu moja. Baada ya wakazi zaidi ya 160,000 wa makazi ya zamani kukubaliwa kuwa raia na kupewa vyeti vyao kuanzia mwaka 2014, haja ya ushahidi huo imeongezeka: katika mirathi, katika maombi ya cheti cha kuzaliwa kwa mtu mzima, na katika kitambulisho cha taifa.

Majina yaliandikwa kwa sikio la mwalimu, hivyo jina moja laweza kuwa na tahajia tatu. Tahajia ya zamani isifutwe wala kuandikwa upya, hata kama ina kosa dhahiri. Sahihisho liandikwe pembeni, likiwa na tarehe na saini. Daftari liwekwe juu ya rafu, mbali na ukuta wenye mchwa na paa linalovuja, na kurasa zilizochakaa zipigwe picha.

Anayetafuta kumbukumbu zake aanzie kwa mwalimu mkuu, akiwa na mwaka aliojiunga na darasa la kwanza, jina la kijiji cha wakati huo, na majina ya wazazi kwa kila namna yalivyowahi kuandikwa.