Somo la 14: Mpako Ung'aao na Udumuo

Chukua kipande cha ubao ambacho hakijapigwa randa na kipande cha kioo. Vitazame vyote viwili karibu na dirisha. Kioo kinang'aa, lakini ubao haung'ai. Sababu ni nini?

Uso wa kioo ni laini, kwa hiyo mwanga unaoupiga huakisiwa kuelekea upande mmoja. Uso wa ubao una mabonde na vilima vidogo sana, na mwanga unaoupiga hutawanyika pande zote. Fundi anayetaka sinia la mti ling'ae huondoa kwanza vilima hivyo kwa msasa. Kisha huyajaza mabonde yaliyobaki kwa mpako, kama vile nta, gundi au vanishi.

Mpako una kazi nyingine iliyo kubwa kuliko kung'arisha. Mti una vitundu vinavyonyonya maji. Ukinyonya maji huvimba, na ukikauka husinyaa. Chombo kinachovimba na kusinyaa mara kwa mara mwishowe hupasuka, na jasho la mchongaji limepotea bure. Mpako mzuri huzuia maji yasiingie upesi. Je, kila mpako ung'aao unaweza kufanya kazi hiyo? Hatuwezi kujibu kwa kutazama tu. Ni lazima tujaribu.

JARIBIO

Fanyeni jaribio hili kwa vikundi. Tafuteni vipande vinne vya ubao mwepesi wa aina moja, vyenye ukubwa sawa. Visugueni kwa msasa mkifuata nyuzi za ubao, kisha viandikeni nyuma A, B, C na D. Kipande A msikipake kitu. Kipande B kipakeni nta ya nyuki na kukisugua kwa kitambaa kikavu. Kipande C kipakeni gundi nyeupe ya seremala. Kipande D kitapakwa vanishi ya mafuta na mwalimu, nje ya darasa na mbali na moto, kwa maana mvuke wa vanishi hudhuru mapafu na huwaka upesi.

Viacheni vipande vyote siku saba mahali pasipo vumbi. Kisha andikeni katika daftari ni kipande kipi king'aacho zaidi. Huenda wengi wenu mtachagua C au D.

Sasa dondosheni matone matano ya maji juu ya kila kipande. Ngojeni nusu saa, kisha futeni. A kimenyonya maji na kuacha doa. Juu ya B maji yalisimama kama shanga. C, kilichong'aa vizuri asubuhi, kimekuwa cheupe na chororo. Kikwaruzeni kwa ukucha mwone. D hakikubadilika.

Mwisho, wekeni kikombe cha bati chenye chai ya moto juu ya B. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la kati ya nyuzi 62 na 64 za sentigredi, na chai iliyotoka jikoni ina joto kupita hilo. Mtaona alama ya duara.

Kwa nini C na D vimetofautiana? Gundi nyeupe hukauka kwa kupoteza maji yake. Yakirudi maji, hulainika tena. Vanishi ya mafuta haikauki hivyo. Kiyeyushi chake huondoka kwanza, kisha mafuta yake huchukua oksijeni kutoka hewani na kugeuka kuwa kitu kipya kigumu, kisichoweza kurudi kuwa mafuta. Hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka huharibu kazi. Wakipaka vanishi nene, oksijeni hugusa sehemu ya juu tu. Juu hufanyika utando, kama ule wa maziwa yaliyopoa, na chini hubaki mbichi. Afadhali mipako miwili au mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kabisa na kupitishwa msasa laini kabla ya kupakwa mwingine.

HADHARI: Mafuta ya kitani na mengine yakaukayo namna hiyo hutoa joto yanapochukua oksijeni. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa pamoja huweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Vitandazwe nje, kimoja kimoja, mpaka vikauke.

Pwani yetu ilikuwa na sifa katika biashara hii. Katika karne ya 19 watu walichimba sandarusi, yaani utomvu wa kale uliogeuka mgumu ardhini, huko Mrima. Ilipelekwa Unguja, na kutoka huko ikauzwa Ulaya na Marekani. Iliyeyushwa kwa moto mkali na kuchanganywa na mafuta, ikawa vanishi ngumu ya kupaka magari ya farasi. Utomvu mwingine, shelaki, hutolewa na wadudu wa India. Huyeyushwa katika spiriti na kung'aa sana, lakini maji na joto huiachia madoa meupe. Yafaa kwa kinyago cha kabatini, wala si kwa meza ya chakula.

Vipi kuhusu mpingo? Wachongaji wa Kimakonde aghalabu hawaupaki vanishi. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na nyuzi zake zimesongamana, hivyo msasa laini na nta kidogo hutosha kuung'arisha. Wako wauzaji wanaopaka mti mweupe rangi nyeusi ya viatu na kuuita mpingo! Uzito wake huwaumbua.

Mwiko na kinu havipakwi vanishi, kwa sababu vipande vyake vingebanduka na kuingia katika chakula. Wanasesere wa watoto wachanga wasipakwe rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa sababu mtoto hutia kila kitu kinywani. Vyombo vya kukaa juani vina shida yao: jua huifanya vanishi nyingi kuwa ya manjano na kupasuka, kwa hiyo hupakwa upya kila baada ya muda.

MASWALI

1. Kwa nini kipande A hakikupakwa kitu?
2. Juma alipaka sinia vanishi nene mara moja. Baada ya siku mbili vidole vyake viliacha alama. Eleza kilichotokea.
3. Darasa lenu limetengeneza bangili za mti, sinia la chai na mwiko. Chagueni mpako wa kila kimoja, au msichague wowote, na mtoe sababu.
4. Buni jaribio la kulinganisha jinsi nta na vanishi zinavyostahimili kusuguliwa. Ni mambo gani lazima yawe sawa kwa vipande vyote viwili?