Chagua Swali Dogo

Asubuhi moja Bwana Mwalimu aliandika ubaoni: «Maonyesho ya sayansi, baada ya majuma matano.» Kisha akawaambia watoto wa mwaka wa tano:

— Kila mmoja ataonyesha jaribio alilolifanya yeye mwenyewe. Wazazi watakuja kutazama. Nendeni, mfikiri vizuri. Kesho mtaniambia mmechagua nini.

Shule yao iko karibu na Goma, chini ya mlima Nyiragongo. Kesho yake Yosefu alisimama wa kwanza, akasema:

— Bwana Mwalimu, mimi nitafinyanga mlima wa moto. Nitatia soda ndani, kisha nitamwaga siki. Povu litapanda juu, na watu wote watapiga makofi.

— Povu litapanda kweli, Yosefu. Lakini wewe unataka kujua nini?

Yosefu akanyamaza. Mwalimu akaendelea:

— Moto wa Nyiragongo si soda wala siki. Ni mawe yaliyoyeyuka chini ya nchi kwa ukali wa joto. Mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021 mawe hayo yaliteremka kama mto, na wazee wenu waliyaona. Povu lako halitatufundisha neno juu ya mlima huo. Mchezo wako ni mzuri, lakini mchezo si jaribio. Jaribio huanza kwa swali ambalo jibu lake hujalijua.

Ndipo Maria akainua mkono. Alisema kwa sauti ndogo:

— Bwana Mwalimu, mimi sina kitu kikubwa. Nyumbani tuna kikapu cha maharagi. Fukusi wameyatoboa mengi. Mama anataka tule yaliyo mazima, tupande yenye matundu. Mimi nauliza: yenye matundu yataota?

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka.

— Sikilizeni, akasema. Maria amechagua vema kuliko wote. Kwanza, swali ni lake mwenyewe, limetoka nyumbani kwao. Pili, ni dogo. Anaweza kupata jibu kabla ya majuma matano. Tatu, vitu vyote anavyo: maharagi, udongo, maji na makopo. Nne, kazi yake haina hatari. Mtoto asijaribu na moto mkali, wala dawa ya panya, wala asidi ya betri. Na tano, jibu lake litamfaa mtu.

Maria akaanza kazi siku ile ile. Alipanda punje 20 nzima katika kopo moja, na punje 20 zenye matundu katika kopo jingine. Kopo la kwanza aliliweka uani penye jua. La pili aliliweka chini ya kitanda, kuku wasilifukue. Baada ya siku nne alimwonyesha Mwalimu.

— Maria, yale ya chini ya kitanda yasipoota, utajuaje sababu? Ni matundu, au ni baridi na giza?

Maria akafikiri, akaona kosa lake. Alikuwa amegeuza mambo mawili pamoja. Basi akaanza tena. Safari hii makopo yote mawili yalikuwa sawa, udongo ulikuwa mmoja, maji yalipimwa kwa kikombe kimoja, na yote yalikaa mahali pamoja. Tofauti ilikuwa moja tu: matundu. Kila asubuhi alihesabu, akaandika katika daftari.

Siku ya kumi na mbili alihesabu mara ya mwisho. Katika punje 20 nzima, 18 zilikuwa zimeota. Katika zile zenye matundu, ziliota 9 tu, na miche mingi kati yake ilikuwa dhaifu. Maria alikuwa amesadiki kwamba zenye matundu hazitaota hata moja. Hata hivyo hakubadili hesabu. Aliandika 9, kwa kuwa aliona 9.

Kwa nini ziliota chache? Ndani ya kila punje mna mche mdogo uliolala, pamoja na chakula chake. Mtoto wa fukusi huingia katika punje, akala chakula kile. Akila na mche wenyewe, punje haioti kamwe. Akiula upande mmoja tu wa chakula, mche huweza kutoka, lakini hutoka na njaa.

Siku ya maonyesho mama yake Maria alisimama mbele ya makopo mawili, akayatazama sana.

— Mwanangu, akasema, mwaka jana shamba letu lilikuwa na mapengo mengi. Nilidhani ni ndege. Kumbe! Jioni hii tutachambua kikapu. Mazima yatakwenda shambani.

Naye Yosefu je? Hakuleta povu. Alitoboa makopo matatu kwa chini. Katika moja alitia changarawe nyeusi ya mlima wa moto, katika la pili udongo wa shamba, katika la tatu udongo wa mfinyanzi. Akamwaga kikombe kimoja cha maji katika kila kopo, aone udongo upi unashika maji na upi unayaacha yapite. Changarawe iliyaacha yapite upesi kuliko zote. Wakulima walimzunguka, wakamwuliza maswali mengi kuliko alivyotazamia.

Watoto, msidharau swali dogo. Zamani watu wengi wa Ulaya walisadiki kwamba funza huzaliwa na nyama yenyewe inapooza. Mganga mmoja wa Italia, Francesco Redi, aliuliza kama ni kweli. Aliweka nyama katika vyombo. Vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika. Nyama ilioza kote, lakini funza walionekana tu mle nzi walimoweza kuingia na kutaga mayai. Redi alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1668. Nyama, vyombo na vifuniko vilitosha kuonyesha kosa la watu wengi.

Tushike: Jaribio jema lina swali moja. Geuza jambo moja tu, na mengine yote yawe sawa. Hesabu. Andika ulichokiona, si ulichokitaka.

Maulizo
1. Kwa nini mlima wa soda na siki haukuwa jaribio?
2. Maria alikosa nini mara ya kwanza?
3. Kwa nini alipanda punje 20, wala si punje moja moja?
4. Maria angaliandika 0 mahali pa 9, angalimdanganya nani?
5. Tafuta nyumbani kwenu swali moja dogo. Liandike, kisha sema utageuza jambo gani, na mambo gani yatabaki sawa.