Mnunuzi Mmoja, Meza ya Watu Watano

Wazungumzaji ni wawili. Mjomba alisimama miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka la michezo ya mezani mjini Seattle, Marekani, kisha akarudi nyumbani Tanga. Mpwa na wenzake wawili wameandika mchezo wa kusimulia: watu wanakaa mezani, mmoja anaongoza kisa cha jahazi la biashara, wengine wanakuwa nahodha, karani na mabaharia, na dadu zinaamua yale ambayo maneno hayawezi kuamua. Wameuandika kwa Kiingereza, maana soko la michezo ya namna hii liko huko Mjomba alikotoka.

MPWA: Mjomba, kitabu umeshakisoma. Wenzangu wanataka tukiweke mtandaoni bure ili kijulikane. Mimi nakataa. Kazi ya jasho letu tuigawe vipi? Wahenga walisema chema chajiuza.

MJOMBA: Walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini walikuwa wanasema juu ya kitu unachokishika, ukakinusa, ukakionja. Mchezo wako haunusiki. Mpaka watu wakae pamoja saa tatu ndipo wajue kama mtamu. Unachezwa na watu wangapi?

MPWA: Watano. Msimulizi mmoja na wachezaji wanne.

MJOMBA: Na kitabu watanunua wangapi?

MPWA: Wote watano, Mungu akijalia.

MJOMBA: Mungu atajalia, wao hawatanunua. Pale dukani niliwaona kila Jumamosi. Anayenunua ni msimulizi. Ndiye anayesoma usiku, ndiye anayeandaa kisa. Wale wanne wanakuja kwa urafiki, mikono mitupu, na mmoja wao hata dadu anaazima. Sasa angalia mkwamo ulipo: mteja wako ni mmoja, lakini alichokinunua hakimfai kitu mpaka awashawishi wanne wasiolipa. Ukiwafungia mlango hao wanne, yule mmoja naye anarudisha kitabu kwenye rafu.

MPWA: Kumbe cha bure ni cha wale wanne.

MJOMBA: Ni chao, na ni cha msimulizi kabla hajawa mteja. Steve Jackson Games wa Texas wana mchezo mkubwa uitwao GURPS, wenye vitabu vingi hata rafu inapinda. Wakatoa GURPS Lite, kurasa 32, bure. Mchezaji anazisoma, anaketi, anacheza. Hawakukata sura ya kwanza na kuiacha inaning'inia; walifupisha mchezo mzima. Hilo ulishike. Cha bure kiwe kizima, hata kama ni kidogo. Ukimpa mtu kanuni za vita ukamfichia kanuni za safari, hatafikiri kwamba amepewa, atafikiri kwamba ametegwa.

MPWA: Lakini hao ni wakubwa, mjomba. Wana vitabu mia vya kuuza. Sisi tuna kimoja.

MJOMBA: Haya, tuache wakubwa. Yuko Kevin Crawford, mwenye Sine Nomine Publishing. Kampuni ni yeye peke yake. Mchezo wake wa safari za angani, Stars Without Number, una matoleo mawili. La bure si kionjo. Mtu anaweza kuucheza miaka asilipe hata senti. La kulipia limeongezwa mambo ambayo baadhi ya watu tu wanayataka: roboti kubwa za vita, akili bandia zenye nafsi, watu wanaohamisha fahamu kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Amefanya vivyo hivyo kwa Worlds Without Number na Cities Without Number, na kila mara watu wanachangia kwenye Kickstarter, mtandao wa uchangishaji, kabla kitabu hakijatoka.

MPWA: Wanachangia kitu ambacho watakipata bure?

MJOMBA: Wanachangia kitabu cha karatasi chenye jalada gumu, na ile ziada. Tena wanachangia kwa sababu cha kwanza walikipata bure, wakakicheza, wakajua kwamba mtu huyu akisema atamaliza, anamaliza. Usilichezee hilo. Kwenye Kickstarter mtu anatoa fedha leo kwa kitu ambacho hakipo. Mchapishaji asiyejulikana anaomba kuaminiwa kwa neno. Aliyekwisha kugawa kitu kizuri anayo dhamana mkononi.

MPWA: Nimesoma habari za Fate Core.

MJOMBA: Hiyo ni ya Evil Hat, kampuni ndogo nayo. Waliomba dola 3,000 tu. Uchangishaji ulipofungwa Januari 2013 walikuwa na zaidi ya dola 433,000 kutoka kwa watu zaidi ya 10,000. Baadaye faili ya kitabu wakaiuza kwa mtindo wa lipa unachotaka, hata sifuri, na maandishi ya kanuni wakayaachia chini ya leseni ya Creative Commons, mtu yeyote ayatumie. Lakini usije ukasikia namba hizo ukavimba kichwa. Walikuwa wameshajijenga kwa vitabu vya nyuma. Wewe leo hata jina la jahazi lako hakuna anayelijua.

MPWA: Bado sielewi mtu anunue nini ikiwa kanuni anazo.

MJOMBA: Wewe bao unacheza. Kanuni za kunamua na za mtaji nani alikuuzia?

MPWA: Hakuna. Nilitazama wazee.

MJOMBA: Na ubao?

MPWA: Nilinunua kwa fundi.

MJOMBA: Ungeweza kuchimba mashimo 32 mchangani ukaokota kokoto. Ukanunua, kwa sababu ubao unakaa, unapendeza, unawekwa barazani. Na fundi anakula kwa ajili ya wale waliofundishwa bure. Ila bao halina mtunzi anayedaiwa kodi ya nyumba, kwa hiyo tusiukaze sana mfano huo. Huko Seattle alikuwepo James Ernest na Cheapass Games yake, iliyoanza 1996. Aliuza michezo kwenye bahasha, bila dadu wala vipande, akisema hivyo tayari unavyo nyumbani. Wewe lipia fikra tu. Miaka ikapita, akaanza kuweka michezo yake mtandaoni watu waichapishe wenyewe bure, na huku akiuza masanduku yaliyokamilika. Tazama alivyogeuka! Mwanzo aliuza fikra akaacha vifaa. Mwisho akagawa fikra akauza vifaa.

MPWA: Kwa nini aligeuka?

MJOMBA: Kichwani mwake sikuwemo. Lakini hesabu naijua, na uipige mwenyewe. Karatasi, wino wa rangi, saa nzima ya kukata kadi kwa mkasi, na mwishowe kadi zinapinda. Mtu mwenye mshahara anaona bora anunue sanduku. Cards Against Humanity ni hivyohivyo. Faili yao inapakuliwa bure, sanduku linauzwa, na waliouziwa hawahesabiki. Mchezo wenyewe ni wa matusi, mama yako asikukute nao.

MPWA: Basi nitoe faili yote bure, niuze karatasi.

MJOMBA: Taratibu. Sasa umeruka upande wa pili, na huko ndiko wadogo wengi wanakozama. Chukua kalamu. Kitabu chako tuseme kinauzwa dola 40. Kikipitia kwa msambazaji ili kifike madukani, yeye anakulipa kama asilimia 40 ya bei ya jalada. Ngapi?

MPWA: Dola 16.

MJOMBA: Kukichapa tuseme dola 8. Zinabaki 8, na humo wamo mchoraji, mhariri, kodi ya ghala na vitabu vitakavyolowana. Sasa faili. Ukiiuza kwenye DriveThruRPG, soko la mtandaoni, kwa dola 15, wao wanakuachia asilimia 70 kama huuzi kwingine, 65 kama unauza na kwingine.

MPWA: Dola 10 na nusu. Au 9 na senti 75.

MJOMBA: Bila karatasi, bila meli, bila ghala. Kwa hiyo faili, ambayo kila mtu anaiona haina gharama na ndiyo ya kugawa, ndiyo inayokuachia zaidi kuliko kitabu kilichopita kwa msambazaji. Ukiitoa yote bure, umegawa mfuko wako wenye faida nono ukabaki na ule mwembamba. Ndiyo maana Crawford ana faili mbili. Na ndiyo maana mimi ningekuwa wewe ningetoa kanuni bila mapambo, maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe, pamoja na kisa kimoja kifupi cha kuanzia. Faili yenye picha, ramani za bandari, orodha za bidhaa na visa vitano, hiyo ina bei. Atakayenunua kitabu cha karatasi umpe na faili bila malipo ya ziada. Wachapishaji wadogo kadhaa waliungana 2010 wakaanzisha mpango uitwao Bits and Mortar kwa ajili hiyo hasa: unanunua kitabu dukani, duka linakupatia na faili. Sisi wauza duka tuliupenda, maana kabla yake mteja alikuwa akiuliza kwa nini alipe mara mbili, nasi hatuna jibu.

MPWA: Na visa je? Wenzangu wanataka kila mwezi tutoe kisa kimoja bure.

MJOMBA: Kila mwezi? Nani ataandika?

MPWA: Mimi.

MJOMBA: Nani atahariri?

MPWA: Mimi.

MJOMBA: Na kitabu cha pili kitaandikwa lini? Ukiona vyaelea vimeundwa, mpwa wangu. Cha bure kina gharama ileile ya cha kuuza, tofauti ni kwamba hakirudishi. Ukiahidi kila mwezi, mwezi wa nne utaandika kisa dhaifu kwa sababu tarehe imefika, na msomaji mpya ataanzia hapo. Toa viwili kwa mwaka, vizuri, kila kimoja kikielekea kwenye kitu unachouza. Yuko bwana aliyetunga mchezo wa Basic Fantasy, faili zote bure na kitabu cha karatasi kwa bei inayokaribia gharama ya kuchapa. Mradi mzuri, umedumu. Lakini yule hakuwa anatafuta riziki humo. Wewe na wenzako mmeniambia mnataka kuishi kwa kazi hii.

MPWA: Wakituiba je? Tukiweka kanuni wazi, mwingine atatunga mchezo wake juu yake.

MJOMBA: Sheria ya Marekani hailindi kanuni za mchezo kwa hakimiliki. Inalinda maneno uliyoyaandika na picha. Kwa hiyo nusu ya unachotaka kukificha si chako kukificha. Waliolifikiria hilo kwa kina ni Wizards of the Coast, wenye Dungeons & Dragons. Mwaka 2000, kwa shauri la mtu wao Ryan Dancey, walitoa leseni ya wazi: mtu yeyote aandike visa kwa kanuni zao na auze. Hoja yake ni kwamba nguvu ya mchezo iko kwenye wingi wa watu wanaoujua. Kila kisa cha mchapishaji mdogo kingemrudisha mchezaji kwenye kitabu cha msingi, na kitabu hicho wanacho wao.

MPWA: Ikawa hivyo?

MJOMBA: Ikawa, mpaka walipobadili nia. Mwaka 2008 walikuja na toleo jipya lenye leseni ya kubana. Paizo, kampuni iliyowahi kuwachapishia majarida, ikachukua kanuni za zamani chini ya leseni ileile ya 2000, ikazirekebisha, na 2009 ikatoa Pathfinder, mshindani mkubwa kabisa. Kanuni za Pathfinder leo zimo mtandaoni bure, zote, kwa ridhaa yao, na Paizo wanauza visa. Hilo la 2008 halikuwafunza watu wa Wizards. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya: anayeingiza zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka atoe mrabaha wa hadi asilimia 25 ya kinachozidi hapo, na ile ya zamani ihesabiwe imekufa.

MPWA: Wadogo walipiga kelele?

MJOMBA: Wadogo, na wachezaji. Watu wakakatisha usajili wao wa kulipia kwa Wizards. Tarehe 27 ya mwezi uleule kampuni ikarudi nyuma, ikaziweka kanuni chini ya Creative Commons, leseni ambayo haifutiki. Na Paizo wakatangaza kwamba akiba ya kitabu cha kanuni waliyodhani ingetosha miezi minane imekwisha kwa wiki mbili. Kwa hiyo ukigawa, andika tangu siku ya kwanza umegawa nini na kwa masharti gani. Anza na kidogo. Kuongeza baadaye watu watakushukuru. Kupunguza hawatakusamehe, hata kama sheria iko upande wako.

MPWA: Basi niyaweke maandishi yote, na zile picha chache za sura ya kwanza zivutie macho.

MJOMBA: Picha nzuri kweli zile. Kachora nani?

MPWA: Rafiki yangu mmoja. Alinisaidia tu.

MJOMBA: Mmeandikiana?

MPWA: Hapana.

MJOMBA: Basi si zako kugawa, wala si zako kuuza. Mtafute kesho, mkubaliane malipo, na muandike kama anakupa haki ya kuzitumia kitabuni tu au hata kwenye faili ya bure, maana hizo ni ruhusa mbili. Maandishi unaweza kuyaanza leo.