DINARI MBILI: KANISA NA MOYO ULIOFIWA

Somo: Luka 10:30-35



Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, ndiyo maana msiba ukitokea hapa kanisani kazi ya bajeti huwa yangu. Naijua kwa kichwa: mochari, jeneza, gari la maiti, hema na viti, chakula, spika. Mdogo wangu alipofariki, bajeti yake pia niliiandika kwa mkono wangu. Mlichanga, mkasafiri nasi hadi nyumbani, tukamzika kwa heshima. Mungu awabariki. Jumatatu iliyofuata nikaona watu wanatoka kwenye group ya WhatsApp mmoja mmoja. Sikuwalaumu, kazi ya kamati ilikuwa imekwisha. Lakini mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kufiwa.

Jumapili ya pili nilipanda madhabahuni nikahubiri. Wengi mlisifu imani yangu. Kile ambacho hamkujua ni hiki: usiku aliogongwa na gari, ndugu yangu alinipigia simu mara tatu. Nilikuwa kwenye kesha, simu nimeitoa sauti. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini.

Nilifunga na kuomba. Wazee waliniwekea mikono. Lakini mwezi wa saba baada ya mazishi bado nilikuwa naamka saa tisa usiku kuangalia zile simu tatu. Chakula hakishuki. Mtoto akilia, napandwa na hasira. Mke wangu akaniambia, "Pasta, ingekuwa ni sukari ungeshaenda hospitali. Hii unaificha kwa nini?"

Nilikuwa naficha kwa sababu ya aibu. Niliogopa mshirika aniona kwa kaunsela, aseme mchungaji amepungukiwa na imani, au ameanza kurukwa na akili.

1. Msamaria alisogea karibu

Turudi kwenye somo. Kuhani na Mlawi walimwona yule majeruhi wakapita kando. Msamaria alisogea, akamfunga jeraha, akatia mafuta na divai. Hiyo ni huduma ya kwanza, na hapa kanisa letu hufanya vizuri sana. Tunakuja matangani, tunapika, tunaimba, tunalala na wafiwa. Tusiache. Wengi waliofiwa huinuka kwa neema ya Mungu, muda, na watu wanaowapenda. Machozi si dhambi. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, na alijua kwamba anakwenda kumfufua.

2. Msamaria alijua uwezo wake unaishia wapi

Tazama jambo ambalo mimi nilikuwa nikilipita kila nikihubiri andiko hili. Msamaria hakubaki barabarani na yule mtu akiendelea kumwaga mafuta. Alimpandisha kwenye mnyama wake, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, na kesho yake akamkabidhi kwa mtu ambaye kazi yake ni kutunza. Hakuna anayesema Msamaria alikosa upendo kwa kumkabidhi mwenzake. Kumkabidhi kulikuwa sehemu ya upendo.

Nilipokwenda kwa kaunsela hatimaye, hakunihubiria wala hakunicheka. Aliuliza kuhusu usingizi, chakula, na kama nimewahi kutamani kufa. Kisha akanisikiliza. Siku ya tatu akaniambia nizungumze kama vile nimeipokea ile simu. Nililia kama mtoto. Sikupona siku hiyo, wapendwa, nisiwadanganye. Nilirudi mara nyingi. Lakini usiku ule nililala hadi asubuhi.

Utajuaje kwamba umefika wakati wa kutafuta msaada? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika 2022, linatambua huzuni ya msiba iliyorefuka: uchungu mkali wa kumkosa marehemu usiopungua kwa zaidi ya miezi 6, unaopita desturi za watu wako na kuvuruga kazi, familia na maisha ya kila siku. Usisubiri miezi hiyo iishe kama huli, hulali, au umeanza kuzama kwenye pombe. Na ukiwa na mawazo ya kujiua, tafuta msaada leo hii: mwambie mtu aliye karibu nawe asikuache peke yako, nenda hospitali iliyo karibu, au piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Anayekusikia ukisema hivyo asikukemee. Akae nawe.

Ukitafuta kaunsela, uliza kama amesomea na kama amesajiliwa. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tangu 2014. Hiyo si kazi ya kila mwenye mdomo mtamu, hata sisi wachungaji.

3. Msamaria alilipa, akaahidi kurudi

Hapa ndipo nina toba ya kufanya. Kabla ndugu yangu hajafa, mama mmoja wa kanisa hili, mjane, alinijia akilia. Nilimwambia, "Mungu hakosei," nikampa mfungo wa siku tatu. Mwaka huu nilikwenda kwake kumwomba msamaha. Amenikubalia niandike alichonijibu: "Pasta, nilifunga. Siku ya nne nikajikuta bado napakua sahani ya mzee wangu. Nikaona aibu kurudi kwako." Nilipomweleza kuhusu kaunsela, swali lake la kwanza lilikuwa, "Analipwa pesa ngapi?"

Msamaria alitoa dinari mbili. Katika Mathayo 20, dinari moja ni mshahara wa kibarua wa siku nzima. Alilipa kazi ya siku mbili, na akasema kama gharama itazidi, atalipa akirudi. Yule mtu alikuwa na bajeti ya baada ya barabara! Sisi bajeti yetu inaishia kaburini. Nimepekua daftari zangu zote za misiba; hakuna mstari hata mmoja wa mwezi wa pili, wala wa mwezi wa saba.

Kwa hiyo nimepeleka pendekezo kwa wazee: katika kila mchango wa msiba, sehemu ndogo iwekwe kando kwa ajili ya ushauri nasaha wa mfiwa anayehitaji. Wazee watalijadili mwezi huu. Liombeeni, na mtoe maoni yenu. Lakini ile ahadi ya kurudi haihitaji kikao. Weka alama kwenye simu yako: mwezi wa tatu, mwezi wa sita, siku ya kukumbuka mwaka. Siku hiyo nenda ubishe hodi.

Yule mama ameanza kwenda. Na mimi bado naenda, Alhamisi mchana. Sasa hamna haja ya kunong'ona.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nani kati yetu aliyezika mwaka jana, na ni nani aliyemtembelea mwezi huu?
2. Ni maneno gani tunayowaambia wafiwa ambayo huwafunga midomo?
3. Wewe binafsi, dinari zako mbili ni zipi?

Tuombe: Bwana Yesu, uliyemlilia Lazaro, tuondolee aibu ya kusema tunaumia. Bariki mikono ya wale uliowapa ujuzi wa kutibu mioyo. Na utufanye watu wanaorudi. Amina.